Wayo, Mwiba na Msimbo: Namna Tunavyoandika Majeraha ya Miguu Bonde la Yaeda



Niliyoombwa kuyazungumza leo kwa kawaida huishia kwenye chumba cha kumbukumbu, kati ya mafaili na kompyuta. Ni namna jeraha la mguu linavyoandikwa, linavyopewa msimbo, na linavyosafiri kutoka kwenye daftari la zahanati hadi kwenye hesabu za taifa. Nimekubali kuyaleta mbele ya hadhara, maana katika bonde hili la Yaeda mguu ndiyo shamba, ndiyo gari na ndiyo ghala. Watafiti walioongozwa na Herman Pontzer waliwapima Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, kwa vifaa vya kufuatilia mwendo na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Walikuta mwanamume hutembea takriban kilomita 11 kwa siku, na mwanamke karibu 6, huku mara nyingi amebeba mtoto, kuni au mizizi. Mchungaji wa Kidatoga anayehamisha ng'ombe kuelekea malisho ya mbugani naye hutembea. Mkulima wa Kiiraqw husimama kutwa nzima nyuma ya jembe. Kwa watu wa namna hii, wayo ukitoboka riziki ya nyumba nzima inasimama.

Tuchukue mfano wa mama wa Kihadzabe aliyekwenda kuchimba mizizi ya ekwa. Mwiba wa mgunga umepenya soli ya katambuga, ukaingia unyayoni, chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, na kuvunjikia ndani. Amejaribu kuutoa kwa ncha ya kisu, nusu imetoka, nusu imebaki. Siku ya tatu mguu umevimba, na anachechemea hadi zahanati. Tabibu anaweka ganzi, anapasua kidogo, anautoa mwiba, anasafisha, anampa dawa na sindano ya kinga ya pepopunda. Kazi njema, tena imefanywa mahali penye foleni ndefu na mikono michache. Kisha anafungua kitabu cha MTUHA namba 5, kile cha wagonjwa wa nje, na kwenye safu ya ugonjwa anaandika: jeraha mguuni, limeingia vijidudu. Wengi huandika hayohayo kwa Kiingereza cha mkato.

Mwisho wa mwezi mstari ule unageuka kijistari kimoja kwenye jedwali la kujumlishia. Jumla inapanda wilayani na kuingizwa kwenye mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2. Ukikaa Dodoma ukaufungua mfumo huo, utaona kwamba mtu fulani aliumia. Mwiba, wayo, kazi ya kuchimba mizizi na siku tatu za kukaa na maumivu ndani ya kambi, vyote vimeachwa njiani.

Hoja yangu kwenu leo ni hii. Msimbo hauwezi kujua jambo ambalo aliyeandika kwanza hakulitaja. Mtunza kumbukumbu wa hospitali kubwa, hata awe hodari vipi, anafasiri maneno aliyoyakuta, hakuuona mguu. Kwa hiyo ubora wa takwimu za majeraha ya Tanzania unaamuliwa kwa maneno sita au saba yanayoandikwa kwa kalamu kwenye zahanati, na nusu ya maneno hayo, ile inayotaja chanzo, ndiyo tunayoiacha mara nyingi zaidi.

Nieleze kwanza misimbo hii ilikotoka, kwa ufupi. Mwaka 1893 Mfaransa Jacques Bertillon, aliyekuwa mkuu wa takwimu wa jiji la Paris, aliwasilisha orodha ya sababu za vifo kwenye kikao cha Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu huko Chicago. Alijenga juu ya kazi ya Mwingereza William Farr na wenzake. Orodha ile ilihesabu wafu. Mwenye kidonda cha wayo aliyepona hakuwa na nafasi humo. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani, likiwa changa kabisa, lilichukua kazi hiyo na kutoa toleo la 6, na hapo ndipo magonjwa na majeraha ya watu walio hai yalipoingizwa rasmi. Toleo hilohilo likaligawa jeraha pande mbili: msimbo mmoja wa kilichoumia, msimbo mwingine wa kilichoumiza. Mgawanyo huo umedumu hadi toleo la 10, ambalo liliidhinishwa mwaka 1990, nchi zikaanza kulitumia mwaka 1994, na ndilo tunalolitaja kila siku kwa herufi tatu: ICD.

Katika ICD-10 majeraha ya kifundo na wayo yana ukurasa wao, kuanzia S90 hadi S99. S90 ni michubuko, malengelenge na uvimbe wa juujuu. S91 ni vidonda vilivyo wazi. S92 ni mifupa ya wayo iliyovunjika, na S93 ni viungo vilivyoteguka au kushtuka. Zinafuata neva, mishipa ya damu, misuli na kano, kisha S97 ya kupondeka, S98 ya kukatika, na S99 kwa yasiyoingia popote. Ndani ya kila kundi kuna tarakimu baada ya nukta. S91.1 ni kidonda cha kidole bila ukucha kudhurika. S91.2 ni cha kidole pamoja na ukucha, na muuguzi yeyote anajua kwa nini kimetengwa, kwani chini ya ukucha mfupa uko karibu mno na usaha haukawii kuufikia. S91.3 ni sehemu nyingine za wayo, na huko ndiko wanakokwenda wengi wa wale wanaochomwa unyayoni.

Sasa tazameni kinachotokea mtu akiandika "jeraha mguuni" na kuishia hapo. Kwa Kiswahili mguu unaanzia nyongani na kuishia kwenye vidole. Mtunza kumbukumbu akikutana na neno hilo peke yake hana haki ya kukisia wayo. Kidonda cha paja kina S71, cha muundi kina S81, cha wayo kina S91. Kwa kuwa hakuambiwa, kanuni inampeleka T13.1, yaani kidonda cha wazi cha mguu, mahali hapakutajwa. Mfupa uliovunjika "mguuni" bila maelezo unakwenda T12. Hayo ndiyo makapu ya waliokosa maelezo, na majeraha mengi ya vijijini yanaingia humo ingawa tabibu aliuona wayo, aliushika na kuusafisha kwa mikono yake. Lugha yetu ina majina ya kutosha: kisigino, unyayo, kifundo, kidole gumba, kidole cha mwisho. Kulitaja moja hakuchukui hata sekunde tano.

Kifundo nacho kina mtego ambao hata wenye uzoefu wanauangukia. S92 ni ya mifupa ya wayo isipokuwa kifundo. Mfupa wa kifundo ukivunjika, ule unaojitokeza upande wa ndani au wa nje, msimbo unahamia S82, pamoja na mifupa ya muundi. Lakini kifundo kikiteguka kinabaki S93. Viungo havijahama mwilini, vimepangwa kwa kufuata mfupa uliovunjika ni wa sehemu gani. Anayeandika "kifundo kimeumia" anamwachia mwenzake kazi isiyowezekana.

Kanuni ninayoiona nzito kuliko zote inahusu mfupa uliovunjika na ngozi ikapasuka juu yake. ICD-10 inaruhusu tarakimu ya tano: 0 ikiwa ngozi ni nzima, 1 ikiwa kuna kidonda kinachofika kwenye mfupa. Mwandishi asiposema lolote, kanuni inaagiza uhesabiwe kuwa ni mvunjiko uliofungika. Tafakarini maana yake hapa kwetu. Ng'ombe amemkanyaga kijana wa Kidatoga, mfupa wa katikati ya wayo umevunjika na ngozi imechanika zizini, juu ya samadi. Hatari ya pepopunda na ya mfupa kuoza ni kubwa. Kijana anaandikiwa rufaa kwa maneno matatu: "mfupa umevunjika, wayo". Kidonda kimefungwa bandeji, na bandeji haionekani kwenye karatasi. Kwenye hesabu atakuwa miongoni mwa waliovunjika bila kidonda, na anayepanga dawa za kuua vijidudu na chanjo za mwaka ujao atapanga pungufu.

Hapo nimezungumzia nusu ya kwanza, kilichoumia. Nusu ya pili ina herufi za V, W, X na Y, na hiyo nataka tukae nayo zaidi.

Mwiba una msimbo wake. Watu wengi hushangaa ninapowaambia, lakini upo: W60, kuguswa na miiba ya mimea na majani makali. Jembe, shoka na sururu ziko W27, zana za mkono zisizo na mota. Kisu ni W26. Msumari au kijiti kinachoingia ndani ya ngozi kina W45. Kujikwaa kwenye jiwe kunahesabiwa W22. Kung'atwa au kupigwa na mnyama kama ng'ombe ni W55. Kuanguka kutoka juu ya mti ni W14. Mtoto anayepakiwa nyuma ya pikipiki, wayo ukanaswa kwenye spoki, anaangukia kundi la V20 hadi V29, yaani waliopanda pikipiki. Anayemfahamu mtu wa bonde hili akiisoma orodha hiyo anaona sura za jirani zake.

Chanzo kinaponya pia, hakiishii kwenye takwimu. Mhadzabe anayerina asali hupigilia vigingi kwenye mbuyu na kupanda navyo hadi kwenye mzinga. Kigingi kikichomoka, akaanguka akatua kwa visigino, mfupa wa kisigino unaweza kuvunjika, nao ni S92.0. Madaktari wa mifupa wanafahamu vizuri kwamba nguvu ile inayovunja kisigino hupanda mgongoni, na mtu aliyeanguka kutoka juu akavunjika kisigino huweza kuwa amevunjika pingili ya kiuno bila yeye mwenyewe kugundua, kwa kuwa maumivu ya mguu yanayafunika ya mgongo. Karatasi ya rufaa inayosema "kisigino kimevimba" inampeleka kwenye picha ya eksirei ya mguu. Ile inayosema "ameanguka kutoka juu ya mbuyu, ametua kwa visigino" inamfanya daktari wa hospitali ya Haydom aubonyeze mgongo kabla mgonjwa hajaambiwa ainuke. Maneno machache yaliyoandikwa bondeni yanaweza kumwepusha mtu na kupooza.

Nimeitaja Haydom na nitaitaja tena. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955, ikijengwa na wamisionari wa Norwei, na hadi leo wagonjwa wazito wa ukanda huu, kuanzia Mbulu na Hanang hadi Mkalama na Iramba, wanaelekezwa huko. Kutoka bondeni hadi kule juu ni safari ya kupanda, na mvua zikishika njia inakatika. Mgonjwa anaweza kufika bila ndugu anayeijua habari yake, na akiwa mzee wa Kihadzabe asiyezungumza Kiswahili vizuri, hicho kikaratasi ndicho kinachomsemea.

Nyoka ni habari nyingine, na hapa nina neno la kulalamikia mpangilio wenyewe wa ICD. Kifutu hulala njiani, hasogei, na mtu anamkanyaga. Kwa kawaida anauma kifundo au wayo. Sumu yake inavimbisha na kuozesha nyama, na wapo wanaopoteza vidole au mguu mzima. Katika ICD-10 msimbo wa jeraha hilo ni T63.0, sumu ya nyoka, na chanzo ni X20. Hakuna kati ya hiyo miwili unaosema ni kiungo gani. Wayo umeoza, na kwenye hesabu za majeraha ya wayo haumo. Kwa hiyo anayetaka kujua ni watu wangapi wa bonde hili wamelemaa miguu kwa sababu ya nyoka hatapata jibu kwenye misimbo peke yake. Ni lazima maneno "wayo wa kushoto" yaandikwe pembeni na mtu ayasome. Juni 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likatoa mkakati wa kupunguza kwa nusu vifo na ulemavu wake ifikapo 2030. Dawa ya kuzuia sumu ni ghali, na haiagizwi kwa kukisia. Zahanati isiyoandika nyoka haitahesabiwa inapofika zamu ya kugawa dawa hiyo.

Yapo pia magonjwa yanayokuja yamevaa sura ya jeraha. Mtu mwenye kisukari akija na kidonda cha wayo kisichopona, msimbo mkuu unaanza na E, sehemu ya kisukari, kwa sababu kilichomharibia mguu ni sukari iliyokwisha kuua neva na kuziba mishipa. Jiwe dogo ndani ya kiatu limekamilisha tu. Dar es Salaam, Dkt. Zulfiqarali Abbas amefanya kazi ya miaka mingi juu ya miguu ya wagonjwa wa kisukari, na Tanzania pamoja na India zilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kujaribu mafunzo ya Step by Step ya kuwafundisha wauguzi na madaktari kuitunza miguu hiyo kabla haijakatwa. Nayataja mbele yenu wa vijijini kwa sababu sukari imeshapanda barabara hadi Mbulu mjini na Katesh, na kidonda kinachorudi mara ya tatu kinastahili kipimo cha sukari kabla ya kuandikwa S91 tena. Funza nao wana nafasi yao, B88.1, wala wasiandikwe kuwa jeraha. Mtoto aliyeungua wayo kwenye jiko la mafiga anakwenda T25, mbali na ukurasa wa S90.

Nawakumbusha Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki, na wengine wengi waliletwa hospitali wakiwa na miguu iliyopondeka na kuvunjika. Mfupa wa wayo uliovunjwa na jiwe la mlimani na ule uliovunjwa na kwato za ng'ombe inaandikwa S92 yote miwili. Kinachoitenganisha ni X36, msimbo wa waliokumbwa na maporomoko ya ardhi. Miaka 20 ijayo, mtafiti atakayetaka kujua maporomoko yale yaliwaacha wangapi na ulemavu wa miguu atatafuta X36. Asipoikuta atakuta mafungu ya mifupa iliyovunjika Desemba ile, bila mlima.

Sasa nifike mahali panaponikera hasa, na naomba niwe mkweli. Misimbo ya chanzo ina tarakimu ya mahali jeraha lilipotokea. Nyumbani ni 0. Shule ni 2. Barabarani ni 4. Kiwandani na kwenye ujenzi ni 6. Shambani ni 7. Msitu, je? Msitu uko ndani ya 8, mahali pengine palipotajwa, pamoja na ufuo wa bahari, gati, ziwa, mlima na jangwa. Mkulima wa Kiiraqw aliyejikata kwa jembe anapata W27.7, na kila anayesoma anaelewa kwamba aliumia kazini kwake. Mama wa Kihadzabe aliyechomwa mwiba akichimba ekwa anapata W60.8, kapu moja na mtalii aliyekanyaga kitu chenye ncha ufukweni. Kuna hata tarakimu ya hiari ya shughuli aliyokuwa akiifanya: 2 ni kazi ya kipato, 3 ni kazi nyinginezo, kama kupika, kulea watoto na kutunza bustani. Kuchimba mizizi, kuwinda na kurina asali, ambavyo vimewalisha watu bondeni hapa tangu kabla ya jembe la kwanza kufika, havina nafasi inayovifaa. Havileti mshahara, wala si kazi za ndani.

Wala siamini kwamba kuna aliyekusudia ubaya. Walioipanga orodha waliwaza mfanyakazi wa kiwanda, mkulima na mwanafunzi, maana hao ndio waliokuwa mbele ya macho yao. Lakini matokeo yake yako wazi. Mahali pa kazi pa Mhadzabe hapaonekani kama mahali pa kazi, na kisichoonekana kwenye takwimu hakitengewi bajeti. Dawa yake hapa zahanatini ni rahisi: andikeni kwa maneno "porini, akichimba mizizi", "porini, akirina asali", "malishoni". Msimbo utabaki 8, lakini maneno yatabaki nayo, na siku mtu atakapotaka kuyahesabu atayakuta.

Mtaniuliza: mbona wenzetu wana misimbo mirefu inayosema kila kitu? Ni kweli. Marekani, tangu Oktoba 2015, wanatumia toleo lao ambamo mwiba wa mama yetu ungeandikwa S91.341A: kidonda cha kuchomwa, kitu kimebaki ndani, wayo wa kulia, hudhurio la kwanza. Mguu wa kushoto una tarakimu nyingine. Urefu ule umetokana kwa sehemu kubwa na ankara, kwa kuwa kule kila msimbo una bei na kampuni ya bima inataka kujua inalipia nini. ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani haisemi kulia wala kushoto katika majeraha haya. Toleo la 11, lililopitishwa Mei 2019 na kuanza rasmi tarehe 1 Januari 2022, linaruhusu kuambatanisha misimbo midogo pembeni ya ule mkuu, kama XK9K kwa kulia na XK8G kwa kushoto. Ni hatua nzuri. Hata hivyo, hakuna toleo litakaloujua mguu wa kulia kama kitabu namba 5 hakikuutaja.

Bima inakuja kwetu pia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na kadiri watu wengi watakavyoingia ndivyo fomu za madai zitakavyoongezeka, kila moja na nafasi ya msimbo. Palipo na kompyuta ya GoTHOMIS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, mtoa huduma anachagua kutoka kwenye orodha inayojitokeza. Nawaomba vijana wetu wanaoketi mbele ya kompyuta hizo wasizoee ile tarakimu 9 ya "haikutajwa". Inachaguliwa haraka, na ikishazoeleka inakuwa ugonjwa mkubwa kuliko yote wilayani.

Najua uzito wa ninachowaomba. Muuguzi aliye peke yake, mwenye wajawazito upande huu, watoto wa chanjo upande ule na mgonjwa wa malaria anayetetemeka kwenye benchi, hawezi kujaza kurasa. Simwombi akariri misimbo. Misimbo ni kazi ya mtunza kumbukumbu na ya kompyuta. Namwomba mstari mmoja wenye upande, sehemu ya wayo, aina ya jeraha na kama liko wazi, kilichoumiza, mahali, na siku zilizopita. Kwa mama yetu utasomeka hivi: kulia, unyayo chini ya kidole gumba, kitobo chenye mwiba ndani, mgunga, porini akichimba mizizi, siku ya tatu. Mstari huo unaingia kwenye safu ileile. Halmashauri ikiona unafaa, inaweza kuchonga mhuri wa mpira wenye nafasi sita tupu, ukapigwa kwenye kitabu kila anapokuja aliyeumia. Mhuri na wino ni gharama ambayo hata mfuko wa zahanati unaimudu.

Kubaki bila mstari huo kuna gharama pia. Pepopunda haichagui, lakini kinga yake inachagua. Wanawake wengi wamedungwa sindano wakiwa wajawazito. Wanaume watu wazima waliokosa chanjo za utotoni, wanaotembea na katambuga au miguu mitupu kwenye njia za mifugo, wanaweza kufika uzeeni bila kinga yoyote. Tukijua kwamba wanaochomwa zaidi ni warina asali na wachungaji, tutapeleka chanjo kambini na malishoni badala ya kuwasubiri waje na taya zilizokaza.

Jambo la mwisho linawahusu zaidi wazee walioketi mbele. Wahadzabe ni zaidi kidogo ya watu elfu moja. Katika jamii ndogo kiasi hicho, mstari unaosema "mwanamume, miaka 42, ameanguka kutoka mbuyu, kijiji fulani" hauhitaji jina ili ajulikane ni nani. Bonde hili limepokea watafiti wengi, wamepima damu, mwendo, usingizi na chakula, na mengi yaliyoandikwa hayajawahi kusomwa hapa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kwa hiyo ninapowaomba waganga waandike zaidi, nawaomba vilevile kitabu kisiachwe wazi juu ya meza, mgeni asipige picha ukurasa, na jumla zinazotolewa nje zitolewe kwa kata au kwa mwaka mzima pale idadi inapokuwa ndogo.

Na jumla hizo zianze kusomwa hapahapa. Mwaka 2011 Wahadzabe walipata hatimiliki ya kimila ya ardhi yao kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team, na tangu hapo mapato ya kaboni ya msitu yamekuwa yakiingia vijijini, sehemu yake ikilipia matibabu. Mkutano mkuu wa kijiji unapogawa fedha hizo una haki ya kujua katika safari zote za kwenda Haydom mwaka uliopita ni ngapi zilitokana na kuanguka mitini, ngapi na nyoka, ngapi na miiba iliyocheleweshwa, na ngapi na pikipiki. Mganga mfawidhi aje na jedwali hilo mara moja kwa mwaka, lisomwe kwa Kiswahili na kufasiriwa kwa Kihadza na Kidatoga. Wananchi wamuulize maswali, naye aulizwe pia ni majeraha mangapi aliyaandika bila kutaja chanzo.